Mwaka Tuliogawiwa Makaburi

Wenzangu mliovuka daraja la Rusizi mkiwa wadogo, sufuria kichwani na kitinda mimba wa mama yenu mgongoni, nyinyi hamhitaji kuelezwa tulivyokuwa. Tulikuja na Kiswahili chetu cha Bukavu. Tulikuja na nzango, ule mchezo wa wasichana wa kupiga makofi na kurusha miguu. Tulikuja na majina yetu ya kina Bahati na Furaha, tukatua kwenye kilima upande wa Nkanka, katika nchi ya Wanyarwanda, ambako watoto wa pale walitutazama kama mbuzi walioingia kanisani katikati ya misa. Mimi ni Riziki. Leo nina watoto walionipita urefu na wanaonieleza dunia ilivyo, basi acheni niwasimulie nyinyi ilivyokuwa, maana nyumbani kwangu hakuna anayenisikiliza mpaka simu ziishe chaji.

Tulikaa katika nyumba ya udongo chini kidogo ya misheni. Maman alikuwa akiuza vitenge sokoni Kamembe, anaondoka na umande, anarudi amechoka hata kuvua viatu. Aliyetulea hasa ni mama yake, bibi yetu, ambaye sisi tulimwita Koko kama wanavyofanya watoto wote wa Bukavu. Koko alikuwa mwembamba kama mwiko, na kama mwiko, hakuna chungu ambacho hakuingia. Alitwanga sombe, yale majani ya muhogo, mpaka mtaa mzima ukajua kesho tunakula nini. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aliwakaanga wakawa wanavunjika mdomoni kwa mlio. Siku hizi naona vijana wa mjini wanawala sambaza kwa uma, tena wanawatoa kichwa. Koko angeona mtoto anamtoa sambaza kichwa angeuliza ni ugonjwa gani umempata, na kama umeshaonyeshwa kwa daktari.

Pamoja nasi alikaa Deo, mtoto wa mama mdogo. Alikuwa wa umri wangu, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Baba yake alibaki Kongo, na aliyekuwa akisema "alibaki" alikuwa anashusha sauti, kwa hiyo sisi watoto tulielewa bila kuambiwa. Deo mwenyewe hakulitaja jambo hilo hata mara moja. Alikuwa akitengeneza mpira wa majani makavu ya migomba, anaupiga mpaka unafumuka, anatengeneza mwingine.

Shuleni tulikuwa tunajifunza Kinyarwanda upya kama vibogoyo wanaojifunza kula mahindi. Wenzetu walitucheka, na sisi tuliwacheka walipojaribu Kiswahili, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na deni. Lakini ilifika wiki moja, katikati ya Oktoba, mwalimu akatuambia kwamba sikukuu ya marehemu imekaribia. Kila mtoto aende na watu wa kwao kusafisha makaburi yao nyuma ya kanisa. Jioni ile watoto wa pale walipita na majembe na makopo ya maji, wamejaa umuhimu. Sisi wa Kongo tulibaki tumeegemea ukuta wa shule.

Deo alisema ni bora hivyo, asiye na wafu hana kazi. Wengine wakacheka. Mimi sikucheka. Enzi zile kuwa na makaburi ilikuwa kama kuwa na ng'ombe: ilionyesha kwamba una watu, na kwamba watu wako wamekuwepo hapo kabla ya jana. Sisi tulikuwa kama tumeshuka kutoka kwenye lori, na kweli tulikuwa tumeshuka kutoka kwenye lori.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Koko anachagua mawe kwenye maharage.

"Koko, batu betu balizikwa wapi?"

Hakuinua kichwa. "Kila fasi tulitua mizigo, tuliacha mumoja."

Kisha akawahesabu kwa mahali. Baba yake alilala Masisi. Dada yake, Uvira. Na mumewe, babu yetu Kabera, alilala ng'ambo ile pale Bukavu, kwenye kilima kinachoonekana kutoka mlangoni kwetu mvua ikishaosha anga. Alikionyesha kwa midomo, kama wanavyoonyesha wazee wa kwetu, kisha akarudi kwenye maharage yake. Wakati ule kulikuwa na vita upande ule na mpaka ulikuwa haupitiki. Ungeweza kuona moshi wa majiko ya watu wa ng'ambo, lakini usingeweza kwenda kuwaomba chumvi.

Niseme na hili, halafu nisilirudie. Nchi ilikuwa na wafu wapya wengi, ambao wakubwa walikuwa wanawabeba kimya. Kulikuwa na nyumba tulizokatazwa kupita tukiimba, na mahali ambapo mtu mzima akipita alikuwa anavua kofia bila kutuambia kwa nini. Watoto hatukuuliza. Yale makaburi ya zamani sana ndiyo pekee ambayo tuliruhusiwa kupiga kelele karibu nayo.

Aliyetuona tumekaa pale ukutani alikuwa Mzee Anasitazi, katekista. Yeye ndiye aliyegonga kengele, aliyefundisha katekisimu, aliyefukuza mbuzi kwenye maua ya altare. Alikuwa mtu wa kilima kile kwa kuzaliwa, lakini alikuwa amefanya kazi Bukavu ujanani, kwa hiyo alitusemesha kwa lugha yetu, na kwa hilo tu tungemfuata popote. Siku iliyofuata alituita, akatupeleka nyuma ya kanisa, mpaka kwenye safu ya mwisho chini ya mikaratusi. Pale walikuwa wamelala wamisionari wa kwanza, wazungu waliokuja wakati baba za babu zetu walikuwa vijana. Nyasi zilikuwa zimefika kifuani. Jiwe moja lilikuwa limefunikwa na mzabibu pori, jingine lilikuwa na kiota cha ndege kwenye bega la malaika.

Mzee Anasitazi alituonyesha wao, kisha akawaonyesha wao sisi, kama mshenga.

"Hawa habana batu. Ninyi hamuna makaburi. Muoane."

Hivyo ndivyo tulivyogawiwa. Deo alikimbilia jiwe kubwa kuliko yote, la padri mmoja mwenye msalaba mrefu na malaika aliyevunjika pua. Mimi nilikuwa mpole, na mpole hula mfupa. Nilipata jiwe dogo la pembeni, limeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni, limetanda utando wa kijani. Juu yake yalisomeka maneno mawili tu, Frère Théophile. Jina la ukoo na miaka vilikuwa vimeliwa na mvua. Wenyeji wanasema Furere kwa bruda wa misheni, basi naye akawa Furere Teofili, mzungu wangu.

Kila jiwe lilikuwa na herufi tatu mwishoni: R.I.P. Sisi tuliojua kusoma tangu juzi tulisoma "Ripu". Tukakata shauri kwamba hawa wote walikuwa wa ukoo mmoja, akina Ripu, ndugu waliotoka Ulaya pamoja, na tulisikitika sana jinsi ukoo mzima ulivyokwisha hivihivi, tena mbali na kwao. Mzee Anasitazi alitusikia tukiwaombea akina Ripu wote pumziko la milele. Aligeukia ukuta akakohoa muda mrefu. Hakutusahihisha mpaka siku ya pili yake.

Chekeni tu. Lakini leo mwanangu akisikia mtu amefariki, anaandika herufi hizohizo kwenye WhatsApp, anaweka na kimshumaa kinachowakawaka, kisha anarudi kwenye mpira wake wa Ulaya. Nilimuuliza maana ya zile herufi. Akafikiri, akasema ni kama "pole". Sisi angalau tulidhani ni watu.

Basi tukawa na wafu, na ukiwa na wafu unakuwa na mambo mengi. Tulitoka shuleni tukaenda moja kwa moja kung'oa nyasi. Tulisugua mawe kwa mchanga na majivu kama tulivyosugua masufuria. Harufu ya mikaratusi baada ya mvua ilikuwa inapanda kichwani kama dawa ya mafua, na chini yetu ziwa lilikuwa limetulia na visiwa vyake kama nguo iliyotandazwa ikauke. Tuliwatungia hata historia. Padri wa Deo alikuwa mtu wa hatari, aliua chui kwa rozari. Furere wangu alikuwa mtu wa kawaida aliyependa maharage. Tulishindana mzungu wa nani alikuwa mkubwa, na hakuna aliyeona ajabu kwamba hatukujua hata neno moja la maisha yao.

Na kwa kuwa Furere alikuwa sasa ndugu, ilibidi ale. Nilimpelekea kwanza muhogo wa kuchemsha. Kesho yake haukuwepo. Nikampelekea sambaza wa kukaanga kwenye jani la mgomba. Kesho yake jani lilikuwa tupu, hata mafuta yamelambwa. Nilijawa na fahari. Maman hakuwahi kusifu kupika kwangu, lakini mzungu huyu hakuwa anabakisha kitu.

Koko aligundua kwamba sambaza wanapungua. Aliniuliza, nikamweleza ukweli wote, maana sikuona kosa. Aliweka mwiko chini.

"Mimi koko yako niko muzima, nalamba sahani," akasema. "Weye unalisha muzungu alikufa zamani." Akachukua mwiko tena. "Na anakulaka vizuri?"

Nikamwambia anamaliza vyote.

Koko akageuka polepole akamtazama Deo, ambaye siku zile alikuwa ameanza kunawiri mashavu. Deo akakumbuka ghafla kwamba anatakiwa kwenda kuchota maji, ingawa bidoni zote zilikuwa zimejaa.

Mambo yaliharibika alasiri moja siku chache kabla ya sikukuu. Nilikuwa nimepata waya wa kusugulia vyungu na nilikuwa namkwangua Furere kwa nguvu zote, nikitaka aonekane msafi kuliko padri wa Deo. Mkono mkavu ukanishika kifundo cha mkono. Alikuwa bibi mmoja wa kilima kile, anaitwa Verediana, ambaye watu wote walimwita Mukecuru kwa heshima ya uzee wake. Alikuwa amesimama na fimbo yake, anapumua kwa shida ya mpando. Alianza kwa Kinyarwanda, akaona sifuati, akahamia kwenye Kiswahili cha wale waliouza ndizi Bukavu miaka mingi.

"Unafuta jina yake," akasema. "Jiwe haiko sufuria."

Nilitazama, na kweli ncha ya herufi ya kwanza ilikuwa imeanza kuwa nyeupe kama unga. Mukecuru aliuliza mimi ni mtoto wa nani. Kisha akaanza kushuka kuelekea kwetu, fimbo mbele, na mimi nyuma.

Alimwambia Koko mlangoni, bila hata kukubali kukaa, kwamba watu wa Kongo wamekuja wamepewa mashamba, wamepewa viwanja, sasa wanachukua hata marehemu wa wenyewe. Koko alifunga kitenge chake upya, akachukua kitambaa cha kichwa, akasema twende tukamwone huyo marehemu. Wakapanda wote wawili, wakipumzika mahali palepale bila kutazamana, na mimi na Deo tukawafuata kwa umbali tulioona unatosha kukimbia.

Waligombana wamesimama, jiwe katikati yao. Mmoja alisema Kinyarwanda cha ziwani, mwingine Kiswahili cha Bukavu, na kwa bahati mbaya walielewana kila neno. Mukecuru alisema Furere Teofili ndiye aliyejenga kanisa hili. Baba yake Mukecuru ndiye aliyemchomea matofali, wakala pamoja, wakafundishana lugha kwa kutukanana juu ya udongo. Homa ilimchukua Furere kabla paa halijapanda, kijana bado, na baba yake ndiye aliyechimba kaburi. Yeye mwenyewe alipokuwa msichana alikuwa anatumwa kuweka maua hapa kila Jumapili. Kwa hiyo kama huyu mzungu ana mtu, mtu mwenyewe ni yeye.

"Kama ni wako," Koko akamuuliza, "sababu gani nyasi zilimukula?"

Mukecuru alitazama upande wa chini, ambako kulikuwa na misalaba ya mbao bado haijapauka. Akasema ana makaburi mengine, mapya, na miguu yake inatosha hayo tu.

Koko aliinamisha macho. Nilimwona jinsi hasira zilivyomtoka, kama maji yanavyotoka kwenye nguo ukiikamua. Hakuuliza ni akina nani. Wakati ule hapakuwa na mtu mzima ambaye angeuliza.

Upepo ulichezesha mikaratusi. Mwishowe Mukecuru ndiye aliyesema, na safari hii kwa Kiswahili.

"Na weye? Batu bako bako wapi?"

Koko akaonyesha kwa midomo ng'ambo ya maji. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, vilima vya Bukavu vilikuwa karibu kama vinaweza kusikia.

"Bwana yangu iko pale. Nikisimama hapa namuona. Kumufikia, haiwezekane."

"Anaitwa nani?"

"Kabera."

Mukecuru alilirudia lile jina mara moja, polepole, kama mpishi anayeonja chumvi. Kisha akaegemeza fimbo kwenye mti, akakaa ukingoni mwa kaburi, akaniagiza maji. Akanionyesha kuosha jiwe kwa jani kavu la mgomba lililoloweshwa, kidole kinafuata herufi taratibu, kama unavyomsafisha mtoto masikio. Koko naye akakaa. Mimi nikaosha, wao wakaongea mpaka kengele ya jioni. Nilitega sikio nikitarajia siri kubwa. Walikuwa wanaongea juu ya magoti yao.

Siku ya sikukuu kilima kizima kilipanda. Wanaume walivaa makoti yanayonuka nondo, wanawake walivaa mishanana yao ya kutupa begani iliyopigwa pasi ya makaa, na sisi tulipakwa mafuta mpaka tukateleza. Baada ya misa watu walitawanyika, kila ukoo ukaenda kusimama kwenye makaburi yake. Padri alikuwa kijana, mgeni wa parokia, hakuwa amemaliza hata mwezi. Alipita kaburi kwa kaburi, anauliza majina ya wa kuombewa, anasali, ananyunyiza maji ya baraka. Mzee Anasitazi alimfuata na ndoo.

Wazazi wetu wa Kongo walikuwa wamesimama pembeni kwenye ukuta wa kanisa, kama watu wanaosubiri gari. Sisi watoto tulisimama kwenye safu ya wazungu, kila mmoja kwa wake. Halafu nikamwona Koko anakuja. Alikuwa amevaa kitenge chake cha arusi ya Maman, kile ambacho tulikatazwa hata kukigusa. Akasimama kulia kwa Furere. Mukecuru alikuwa ameshasimama kushoto.

Padri alipofika akauliza jina. Mukecuru akasema, "Teofili." Padri akafungua mdomo aanze sala, lakini Mukecuru hakuwa amemaliza.

"Na Kabera," akasema.

Padri alilitazama jiwe. Akainama akalitazama tena, anamtafuta Kabera. Akamtazama katekista wake. Mzee Anasitazi hakuanza kueleza habari ndefu, alisogeza tu ndoo karibu.

"Padri, nyunyiza tu. Maji yatajua njia."

Padri akanyunyiza. Akasema majina yote mawili kwa sauti, Teofili na Kabera, na mimi nilikuwa sijawahi kumsikia babu yangu akitajwa na mtu mwingine hadharani. Koko hakulia. Alirekebisha tu kitambaa chake cha kichwa, ambacho hakikuwa kimekaa vibaya.

Jiwe lililofuata lilikuwa la Deo. Padri akauliza. Deo, bingwa wa maneno, akataja jina la yule padri wa msalaba mrefu. Kisha akasema, "Na papa." Padri akamuuliza papa nani. Deo akasema, "Papa yangu," na hakuongeza neno. Padri akasali hivyohivyo, kwa ajili ya baba yake Deo.

Baada ya hapo ukuta wa kanisa ulibaki mtupu. Wakubwa wetu walikuja mmoja mmoja, wakasimama kwenye safu ile ya wazungu, wakataja watu wao waliowaacha njiani. Wa Uvira, wa Masisi, wa Kalehe, wa mahali ambapo hapakuwa hata na jina. Maji ya ndoo yalikwisha, Mzee Anasitazi akaenda kuchota mengine. Wenyeji walisubiri. Hakuna aliyesema tena kwamba tunachukua marehemu wa wenyewe. Wale wamisionari, masikini, sidhani kama walitarajia siku moja kuwa na ukoo mkubwa vile.

Jioni Koko alimpikia Mukecuru sombe na sambaza, akamtilia wengi. Deo alipewa vichwa tu, na alijua kwa nini.

Tangu hapo wale wawili walikuwa wanapanda pamoja kila baada ya mavuno kumwona Furere wao, na kugombana njia nzima. Walizeeka vizuri. Mpaka ulifunguliwa, watu wakaanza tena kwenda Bukavu na kurudi kama wanaokwenda jikoni, lakini miguu ya Koko ilikuwa imeshakwisha. Kila tulipotaka kumpeleka alisema kesho. Alipougua kwa mara ya mwisho, mimi nikiwa mama wa watoto sasa na Deo fundi wa magari Kamembe, alituita akatuambia jambo moja tu.

"Mukimaliza kunizika, muende mumuambie."

Tulimzika pale kilimani, upande wa chini. Mukecuru alikuja amebebwa na wajukuu, akakaa kwenye kiti mpaka udongo wa mwisho. Koko alikuwa mtu wetu wa kwanza kulala katika ardhi hii. Wiki iliyofuata mimi na Deo tulivuka mpaka kwenda kumwambia Babu.

Tulitafuta asubuhi nzima. Maman alikuwa ametuelekeza vizuri: kilima, njia ya mawe, mti, ukuta. Kilima tulikiona. Lakini juu yake kulikuwa na nyumba, zimebanana, mabati yanagusana. Watu walikimbia vita, wakahitaji pa kulala, wakajenga, na mimi nani niwalaumu. Tulimkuta mama mmoja anaanika nguo uani kwake. Tulimsalimu, tukamwambia tunatafuta kaburi la babu yetu. Akaacha nguo. Akasema ndiyo, walipokuja waliambiwa hapa palikuwa na makaburi, lakini ya nani, hakuna aliyejua, na misalaba ilikuwa imeshageuzwa kuni. Alisema kwa haya, kama mwenye nyumba aliyekutwa hajafagia. Akatuletea viti na maji ya kunywa.

Deo alikunywa maji yake yote. Nilingoja atanie, kwa maana hakuna jambo ambalo Deo hakulitania. Alisimama, akatazama huku na huku asijue ageukie wapi, kisha akaangalia tu chini, katikati ya kamba za nguo.

"Babu," akasema, "Koko amelala. Tulimuzika vizuri. Alisema tukuambie."

Yule mama aliingia ndani akazima redio yake, akarudi akasimama nasi, mikono mbele, kama mfiwa. Hatukujua jina lake na hatukumwuliza. Tulirudi kabla mpaka haujafungwa, kila mmoja dirishani kwake ndani ya gari.

Siku hizi mambo ni mengine. Makaburi yanajengwa kwa vigae, yanang'aa kuliko sebule ya marehemu alipokuwa hai, na mazishi yana mpiga picha, na fulana zenye sura ya aliyekufa, na ndege ndogo ya kamera inayovuma juu ya vichwa vyetu padri akisali. Wiki mbili baadaye hakuna anayefika kung'oa hata jani. Binti yangu ana simu inayoweza kumwonyesha njia ya kwenda Dubai kwa mguu, ila nikimuuliza jina la mama wa bibi yake ananitazama kama nimempa hesabu ya mtihani. Nampenda hivyohivyo. Sisi tulikuwa na njaa, na chawa, na Kinyarwanda cha kuchekwa, lakini tuliwajua wafu wetu, hata wale ambao hawakuwa wetu. Nao vijana wana kila kitu na wako mbali na kila mtu. Sijui nani alipata hasara. Baadhi ya siku nadhani ni wao, baadhi ya siku nadhani ni uzee wangu unaosema.

Tulipokwenda kwa fundi kuchonga msalaba wa Koko wa saruji, alituuliza aandike jina gani. Tulitazamana, mimi na Deo, tukampa mawili, lake na la Kabera. Fundi akauliza kama wamelala wote pale, maana kaburi ni dogo. Deo akamwambia aandike tu.

Wapo hapo mpaka leo. Mgeni akipita anadhani wamelala wawili, anafanya ishara ya msalaba mara mbili, na sisi hatumsahihishi.